"Amesema tatu au nne?" Jibu kwa msomaji wa Tanga aliyewaona marubani wakiulizana angani

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Chumbageni, Tanga, nafanya biashara ya vitenge na mara kwa mara nakwenda Unguja. Safari iliyopita nilipanda ndege ndogo hapa kwetu, nikapata kiti cha mbele kabisa, nyuma ya marubani. Hakuna mlango, unawaona mpaka vidole. Mmoja ni mtu mzima mwenye mvi, mwingine kijana. Tulipokaribia Unguja mzee alizungumza na redio, mara kijana akamgeukia akainua vidole vitatu, kisha vinne, uso kama anauliza. Mzee akainua vinne. Kijana akatikisa kichwa. Mzee akazungumza tena na redio, akasikiliza, akaonyesha kidole gumba, ndipo kijana akazungusha kitufe kidogo mbele yake. Mzee hakuonekana kukasirika. Tulitua salama ila tangu siku hiyo silali vizuri. Mume wangu anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kijana yule hana adabu. Mdogo wangu wa chuo anasema nisiogope, hata wakikosea kompyuta itakataa. Shoga yangu anasema wangeongea Kiswahili na hao wa chini wasingechanganyana. Nina safari nyingine mwezi ujao. Je, tulikuwa hatarini? Nirudi kwenye boti?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Kwa ulivyoeleza, hapakuwa na wakati ambapo ndege yenu ilikuwa inakwenda isikotakiwa. Watu wawili walisikia tofauti, wakagundua kwamba wamesikia tofauti, wakauliza kabla ya kugusa kitu. Mfuatano huo ndio wenye uzito, na umeuandika mwenyewe: kitufe kilizungushwa baada ya redio kujibu mara ya pili. Ungeniambia kitufe kilitangulia na vidole vikafuata, jibu langu lingekuwa jingine.

Sikuwamo ndani, kwa hiyo ninasoma tu ulichokiona. Vidole vitatu na vinne wakati wa kukaribia uwanja, karibu kila mara ni maelfu ya futi. Mwongoza ndege amewaambia washuke hadi kimo fulani, 3,000 au 4,000, na wasiende chini ya hapo mpaka awape ruhusa nyingine. Hawaachi washuke wapendavyo kwa sababu anga ya Tanga, Pemba, Unguja na Dar es Salaam ina ndege nyingi ndogo zinazopanda na kushuka mahali padogo. Njia mojawapo ya kuzitenganisha ni kuipa kila moja kimo chake, na kwa vimo hivyo vya chini tofauti ya kawaida ni futi 1,000. Kama ninyi mmepewa 4,000 na ndege inayotoka Unguja imesimamishwa 3,000, mnapishana bila shida. Mkishuka hadi 3,000 kwa sababu ya kusikia vibaya, tofauti yote imekwisha. Kijana alikuwa anauliza swali la futi elfu moja, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa kubahatisha.

Sasa, mtu aliyesomea kazi hii anawezaje kusikia nne mwingine akasikia tatu? Watu wengi hudhani ni lugha mbovu au redio mbovu. Mara nyingine ndivyo, lakini mara nyingi sikio ni zima na redio ni nzima. Sikio husikia linachotegemea kusikia. Nimefanya kazi ya kuongoza ndege mpaka nikastaafu, na hilo ndilo jambo ambalo vijana wapya huchelewa kuliamini. Chukua uwanja wa Unguja. Barabara yake ya kurukia imelala kaskazini na kusini, ncha moja inaitwa 18 na nyingine 36. Msimu wa kusi ndege hutua zikielekea kusini, siku baada ya siku, mpaka 18 inakuwa wimbo. Siku upepo unapogeuka na mwongoza ndege kusema 36, yupo rubani atakayejibu 18 kwa sauti ya kujiamini kabisa. Hakusikia vibaya kwa maana ya masikio. Kichwa kilishajibu kabla sentensi haijaisha.

Sababu ya pili ni namba kurundikana. Kibali kimoja kinaweza kuwa hivi: pinda kulia, shika mwelekeo 240, shuka hadi futi 3,000, mgandamizo wa hewa 1014. Hesabu zilizomo humo: kuna nne mbili na tatu moja, zote zimesemwa kwa pumzi moja, injini inanguruma, na rubani anatafuta wingu la kulikwepa. Nne ya mwelekeo huhamia kwenye kimo bila mtu kujua. Sishangai hata kidogo kama ndicho kilichowapata marubani wako. Ndiyo maana mwongoza ndege mzuri hagawi maagizo manne kwa mkupuo mmoja kama anaweza kuyagawa mara mbili, ingawa siku ya msongamano hilo ni rahisi kulisema kuliko kulitenda.

Kwa kuwa hayo yanajulikana, kibali hakitolewi kikaachwa hivyo hivyo. Rubani anayeshika redio lazima airudie namba yenyewe. Neno "roja" halitoshi, maana yake ni nimepata ujumbe wako tu, halisemi umepata ujumbe gani. Kimo, mwelekeo, barabara ya kutua, ruhusa ya kuingia barabarani au kuivuka, vyote hivyo hurudiwa pamoja na jina la ndege. Kisha mwongoza ndege ana wajibu wa kusikiliza marudio hayo. Ni kama unapotuma pesa kwa simu, jina la mpokeaji likaja ulihakiki: usipolisoma, halikusaidii. Na hapo ndipo upande wetu wa mnarani tulipo na udhaifu. Umeshasema "nne", unategemea kusikia "nne", mkono unaandika kimo kwenye kikaratasi cha ndege hiyo huku jicho liko kwenye ndege nyingine. Rubani akirudia "tatu" kwa ufasaha, unaweza kumwitikia.

Hilo lilishaua watu. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya Flying Tiger ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Mwongoza ndege aliwaambia washuke, kimo futi 2,400, akataja tarakimu mojamoja: mbili, nne, sufuri, sufuri. Kwa Kiingereza "mbili" hutamkwa sawa na neno lenye maana ya "hadi". Marubani wakasikia washuke hadi nne, sufuri, sufuri. Wakarudia futi 400, na hakuna aliyewasahihisha. Ndege iligonga kilima, wote wanne waliokuwamo wakafa. Siku hizi kimo hutajwa kwa maelfu na mamia, pamoja na neno futi.

Hapa nimjibu shoga yako, maana wazo lake si la kijinga. Sheria za kimataifa hazikatazi lugha ya mahali kutumika kwenye redio. Hutaka tu Kiingereza kipatikane kwa anayekihitaji, na tangu 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wanapimwa Kiingereza chao, kiwango cha chini kikiwa cha nne katika ngazi sita. Faida kubwa ya wote kutumia lugha moja ni kwamba masafa yale yanasikika na ndege zote zilizo karibu. Rubani mgeni anayetoka Nairobi au Ulaya akisikia mwenzake anaruhusiwa kutua kwenye barabara ambayo yeye bado yumo, atapiga kelele. Tukiongea Kiswahili, tumemziba masikio. Zaidi ya hapo, Kiswahili kingekuja na mitego yake. Sema "nne" na "nane" kwenye redio yenye mkwaruzo uone. Na saa zetu? Ukimwambia rubani saa nne, ni ile ya kwetu, ile ya 10:00, au ile ya kimataifa ambayo wakati huo inasoma 07:00? Kiingereza chenyewe cha redio si kile cha darasani: tatu hutamkwa "tirii", tano "faifu", na tisa imeongezewa mkia ikawa "naina" ili isifanane na tano. Kimekatwakatwa makusudi kupunguza ajali za masikio.

Mumeo sasa. Mwambie namheshimu, na methali yake nimelelewa nayo. Lakini katika chumba cha marubani kijana anayemtii mkubwa wake kwa kunyamaza ni hatari kuliko kijana mkaidi.

Ajali kubwa kuliko zote katika historia ya ndege za abiria ilitokea tarehe 27 Machi 1977 kisiwani Tenerife, Hispania. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia, ukungu mzito, mnara hauzioni na zenyewe hazionani. KLM ilipewa kibali cha njia, yaani ukisharuka utapinda wapi na kupanda hadi wapi. Hicho hakikuwa kibali cha kuruka. Ila ndani yake neno la kuruka lilitajwa, na kapteni akaanza kuongeza nguvu za injini wakati msaidizi wake bado anarudia kibali. Msaidizi akamaliza kwa maneno yaliyoweza kueleweka kwamba wako tayari kuruka, au kwamba tayari wanaruka. Mnara ukajibu sawa, kisha ukasema wasubiri. Sekunde hiyohiyo Pan Am ikasema bado iko barabarani. Sauti mbili kwenye masafa mamoja hazisikiki zote, hugeuka mluzi, na kwa KLM maneno yale muhimu yalimezwa na mluzi huo.

Bado palikuwa na nafasi moja. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa amekaa nyuma ya marubani, alisikia mazungumzo yaliyofuata kati ya mnara na Pan Am, akauliza: kwani yule hajatoka? Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Kapteni huyo alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, mtu anayewapa wengine leseni. Baada ya jibu hilo mhandisi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa.

Kutokana na ajali hiyo neno la kuruka kwenye redio hutumika tu pale ndege inapopewa ruhusa yenyewe ya kuruka, au ruhusa hiyo inapofutwa. Kwingine kote hutumika neno jingine. Na kutokana na ajali hiyo na nyinginezo za miaka ya 1970, marubani wakaanza kufundishwa namna ya kufanya kazi kama timu: mdogo afundishwe kusema, mkubwa afundishwe kusikiliza. Nadhani somo la pili ndilo gumu zaidi, hasa kwetu sisi tuliokua tukiamini mtu mwenye mvi hasahihishwi mbele za watu. Nimewahi kumsikia rubani kijana kwenye redio akianza kusema kitu, akakatizwa, kisha kimya. Kimya kile hukifurahii ukiwa mnarani.

Kwa hiyo rudi kwenye ulichoandika: mzee alisema nne, kijana akatikisa kichwa, mzee akauliza tena na hakukasirika. Hujui nani alikuwa sahihi, na mimi sijui. Haina maana yoyote nani alikuwa sahihi. Kama redio ilisema nne, kijana alisikia vibaya na amejua sasa. Kama ilisema tatu, basi mzee alirudia vibaya na mwongoza ndege hakulinasa, na kijana ndiye aliyeziba tundu. Vyovyote iwavyo, kapteni ambaye hujibu shaka ya mdogo wake kwa kubonyeza redio badala ya kubonyeza cheo chake, huyo mpande naye.

Mdogo wako wa chuo ana nusu ya ukweli. Mitambo ipo. Upo mtambo unaozionya ndege mbili zinazokaribiana na kuwaambia marubani mmoja apande mwingine ashuke. Lakini sheria ya kimataifa inaulazimisha kwa ndege za injini za tabaini zenye uzito unaozidi kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19. Kama mliipanda Cessna Caravan, ambayo ndiyo sura ya kawaida kwenye viwanja vyetu vidogo, uzito wake uko chini ya hapo. Huenda inao, lakini halazimiki mtu kuuweka. Na kitufe kile alichozungusha kijana ni cha kuchagua kimo. Ukiweka 3,000 rubani wa otomatiki atakupeleka 3,000 kwa utiifu wote, hajui mnara ulisema nini. Kompyuta haikatai namba halali iliyosikiwa vibaya. Hata ile 747 ya Kuala Lumpur ilikuwa na mtambo wa kuonya kwamba ardhi iko karibu. Ulilia, na marubani hawakuchukua hatua. Rada nazo zinasaidia. Ziliwekwa mpya Dar es Salaam, uwanja wa Kilimanjaro (KIA), Mwanza na Songwe, na mwongoza ndege anayeona kimo chako kikipita kilipotakiwa kukomea anaweza kukuita. Anaweza, kama anakutazama wakati huo.

Nisikupambie, mambo haya yana mwisho wake. Kurudia kibali kwa usahihi hakutoshi kama akilini umeelewa kingine. Tarehe 2 Januari 2024 uwanjani Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa isogee hadi mahali pa kusubiri na kwamba ni ya kwanza kwenye foleni. Marubani wakairudia amri hiyo vizuri, kisha wakaingia barabarani. Kapteni aliyepona alisema aliamini ameruhusiwa. Ndege ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu 379 wa ndege kubwa walitoka wote hai, watano kati ya sita wa ndege ndogo wakafa. Baada ya hapo Japani ikasimamisha kwa muda kuwatajia marubani namba ya foleni. Kila kanuni katika kazi hii ina tarehe yake ya namna hiyo.

Na ndege nyingine ndogo, kwa mujibu wa sheria na aina ya safari, hurushwa na rubani mmoja. Hapo hakuna wa kuinua vidole. Rubani wa peke yake huandika kibali kwenye karatasi iliyofungwa pajani, na akiwa na shaka humwuliza mwongoza ndege moja kwa moja. Wapo wazuri sana. Lakini ukiniuliza mimi napendelea ipi, nitasema yenye wawili, na hakuna ubaya wowote kuuliza unapokata tiketi.

Kuhusu boti: kama unaipenda, au mzigo wa vitenge ni mwingi, panda. Usihame kwa sababu ya vidole vile. Kiti cha mbele hakina ubaya pia, ila usimguse rubani wala kumsemesha ndege inapopanda au kushuka. Mashirika mengi yana kanuni ya kutozungumza lisilohusu kazi chini ya futi 10,000, na safari yenu fupi kwa kawaida haifiki huko juu.

Hofu yenyewe usiidharau. Ikiwa mpaka wiki ya safari bado hulali, moyo unakwenda mbio ukisikia tu mlio wa ndege, au umeanza kuahirisha biashara, nenda umwone daktari ana kwa ana, hospitali ya mkoa pale Bombo ipo karibu nawe. Hiyo ni shida inayotibika, na maelezo yangu hayatoshi kuitibu.

Yapo pia mambo ambayo ukiyaona ningetaka uyaripoti, tofauti na hili: rubani anayeshika simu ndege ikishuka, marubani wanaogombana kwa hasira, harufu ya pombe, abiria kuketishwa bila mkanda. Usibishane nao uwanjani. Anza na ofisi ya shirika husika, na usiporidhika nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo ndiyo yenye usimamizi. Andika siku hiyohiyo kabla hujasahau: tarehe, saa, ulikotoka na ulikokwenda, ulichokiona kwa macho yako, na herufi zilizo ubavuni mwa ndege zinazoanza na 5H. Bila herufi hizo watakuuliza ni ndege ipi, na utabaki unawaeleza rangi.